Panatosha Wawili

Sura ya Tisa

Mwanamke anayempenda mtu aliyekatazwa kumpenda hujifunza mapema kutembea na furushi. Akiulizwa anakwenda wapi, hana haja ya kusema uongo, furushi linamjibia. Ndivyo Swalha alivyovuka barabara ya Shahe, mtaa wa maghala ya nguo Guangzhou, alasiri ile ya mwezi wa nane, blanketi la mama yake limefungwa ndani ya shuka na kukumbatiwa kifuani, na moyo wake chini ya blanketi ukienda mbio.

Wasukuma mikokoteni walimpigia kelele apishe. Alipisha upesi, akajibana ukutani hadi wakapita. Umati ulikuwa unamtisha. Safari yake ya kwanza Guangzhou, kule Zhanxi karibu na stesheni ya treni, watu walimsonga baina ya mkokoteni na ukuta hadi pumzi ikamkatika. Angeanguka akakanyagwa kama si mwanamume mmoja mrefu wa Kizanzibari, asiyemjua, aliyekuja akasimama mbele yake, mgongo ameupa umati, mikono ameikita ukutani kulia na kushoto kwa kichwa chake, bila kumgusa hata ncha ya mtandio.

"Vuta pumzi, bibie," alimwambia siku ile. "Nafasi ipo. Mimi naishika."

Swalha alivuta pumzi, akainua macho, akayakuta macho ya mtu anayeogopa kwa ajili yake. Hapo ndipo mambo yalipoanza, na atakayetaka kumlaumu amlaumu, ila kwanza ajiulize yeye angetazama wapi.

Mwanamume huyo aliitwa Sufian. Alikuwa fundi wa kupakia makontena ya wafanyabiashara wa Afrika Mashariki katika ghala moja la Shahe. Na Ghalib, kaka yake Swalha, ambaye ndiye aliyemleta China amsaidie kuchagua nguo za kike, alikuwa mteja mkubwa wa ghala hilo, yeye na Yasir, mwenzake wa biashara. Kwa muda Ghalib hakuona kitu. Alipoona, alisema neno moja tu: hataki kuwaona wanazungumza. Ghalib alimlea Swalha tangu baba yao afariki, na hajawahi kumwinulia mkono. Neno lake moja lilitosha.

Ndiyo maana furushi.

Ghalani kulikuwa na joto la tanuri na kelele za utepe wa gundi wa kufungia maboksi ukivutwa kutoka kwenye roli zake. Kontena lilikuwa tayari juu ya lori, mdomo umeelekea kwenye jukwaa la kupakilia. Marobota yalipangwa humo sakafu hadi dari. Ila pale mlangoni, upande wa kushoto, palikuwa na uwazi mwembamba uliojikunja nyuma ya marobota ya kulia kama kichochoro cha Mji Mkongwe. Sufian aliuacha kila mara ili apate kuingia kukaza kamba za mwisho, kisha huujaza.

Kila aliyewahi kuchangia kontena na watu wa kwetu anaijua desturi ya furushi la mlangoni. Ndani yake mna zawadi za nyumbani, nalo ndilo la mwisho kuingia na la kwanza kutoka, ili kontena likifunguliwa Zanzibar mama mtu asikae akingojea biashara ya watu ipakuliwe. Likishawekwa, mlango unafungwa. Hakuna anayeuliza zaidi.

Sufian alitokeza kichwa kutoka kwenye uwazi, shati limemganda mwilini kwa jasho. Alipomwona Swalha uso wake ulikunjuka, kisha akakumbuka kutazama huku na huku.

"Kaka yako?"

"Yuko Zhanxi na Yasir, wanachukua sampuli za viatu. Nimeleta furushi la mama."

"Nipe."

Alilipokea, akaliweka chini pale mlangoni palipo mahali pake, akalipigapiga likae sawa. Kisha akarudi ndani ya uwazi na kumwita kwa macho. Swalha alisita. Halafu akaingia, hatua mbili tatu, mpaka kona ilipowaficha.

"Þröngt," Sufian alisema, kama alivyosema kila mara.

Ulikuwa mchezo wao. Kabla ya China Sufian alikuwa baharia, na bahari ikamtupa Iceland, katika mji mdogo wa bandari, ambako kwa majira mawili ya baridi alifungasha vichwa vya samaki waliokaushwa. Msimamizi alibandika ukutani karatasi ya maneno ya kazi kwa ajili ya wageni: Kiingereza upande huu, Kiiceland upande ule. *Pack* ni *pakka*. *Cram* ni *troða*. Umati ni *þröng*, na herufi yake ya kwanza husomwa kama th ya thelathini. Sufian alisema karatasi nzima ilikuwa habari za kubana na kubanana, ungedhani nchi ile imejaa watu, kumbe nje ya dirisha hapakuwa na kitu isipokuwa theluji na mbwa mmoja. Swalha alikuwa amejifunza maneno yote. Hayakuwa na faida yoyote duniani, na aliyapenda kuliko dhahabu.

Leo hakujibu.

"Umesahau? *Þröngt*. Padogo, panabana."

"Sufian, Kaka amempa jibu Yasir."

Sufian aliiachia kamba aliyokuwa ameishika.

"Jana usiku," Swalha aliendelea. "Amesema tukifika nyumbani wazee wa Yasir watakuja kuposa. Ndege yetu ni kesho. Wewe nakwambia kesho, umesimama tu."

"Nasikia."

"Basi sema kitu."

"Niseme nini, Swalha? Nikaseme kwa Ghalib? Yasir ana duka Darajani, ana jina, ana baba na ami zake. Mimi nitaingia mlangoni kwa kaka yako na nini? Na kamba?"

"Utaingia na mdomo. Umuombe. Akikataa akatae akiwa amekuona."

"Alishaniona. Alinitazama siku ile kama anavyotazama robota lililolowa."

"Unaogopa."

Sufian alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Naogopa," alisema. "Nimepigwa na mawimbi ya kila bahari, sikuogopa hivi. Akinikatalia kwa kinywa chake, basi. Sasa hivi angalau sijakataliwa."

"Na mimi niolewe huku wewe hujakataliwa?"

Machozi yalikuwa karibu, na hasira ilikuwa karibu zaidi. Alikuwa amefungua kinywa amwambie la mwisho, la kuumiza, aliposikia kikohozi kule jukwaani. Kikohozi kile alikijua tangu utotoni.

"Fundi," Ghalib aliita. "Sufian, uko wapi?"

Sufian alipiga hatua kutoka. Swalha akamkamata mkono wa shati. Hajapata kumgusa hata siku moja, na sasa alimshika kwa vidole vyote.

"Ukitoka ataingia kukagua," alinong'ona. "Atanikuta."

"Nisipotoka..."

"Ngoja aondoke. Nakuomba."

Waliganda. Nyayo zilikuja hadi ukingo wa jukwaa. Sauti nyingine, nyembamba, ilisema, "Kaenda kula huyo. Hawa mafundi hawa." Ilikuwa ya Yasir. Dereva Mchina alikuwa akilalamika, *kuai dian, kuai dian, laoban*, upesi bosi, foleni ya bandarini haingoji mtu.

"Tazama, furushi la mama limeshawekwa," Ghalib alisema. "Basi Swalha amekuja na kuondoka, na mzigo umekwisha. Funga."

Sufian aligeuka, na katika mwanga ule wa mwisho Swalha aliuona uso wake na kujua kwamba amekosea kumzuia. Alitaka kuuachia ule mkono wa shati. Vidole vilikataa. Kisha mlango wa kwanza ulikuja, na wa pili, makomeo yakashuka kwa kishindo, na giza likawa moja.

Swalha alisikia kufuli likibana. Alisikia kitu kidogo cha chuma kikigongwa kikakaza. Ilikuwa sili, ile inayofungwa mara moja na kufunguliwa na forodha tu. Alitaka kuvuta pumzi, pumzi ikamjia nusu. Marobota yalimgusa mgongoni, begani, magotini. Ukuta wa Zhanxi ulikuwa umerudi, na safari hii ulikuwa pande zote.

"Sufian."

"Nipo hapa."

"Hakuna hewa."

"Hewa ipo ya kutosha. Usiivute kwa pupa. Nifuate mlangoni, weka kiganja chako juu ya furushi la mama, unalihisi? Lile laini. Mimi niko upande huu wa furushi, wewe uko upande huo. Sitasogea."

Hata pale, hata katika giza lile, alikuwa ameweka blanketi la mama mtu baina yao. Swalha alilishika kwa mikono miwili.

"Wataondoka," alinong'ona. "Kaka akiondoka tutagonga, vijana wa ghala watatufungulia. Hakuna atakayejua."

Sufian alipapasa marobota ya juu gizani.

"Nisikilize vizuri," alisema. "Hapa tuliposimama palikuwa pajazwe maboksi ya chupa za chai. Na yale marobota ya juu sijayafunga kamba. Nilikuwa ndio nayafunga ulipokuja. Mzigo ulioachiwa nafasi hutembea, Swalha. Lori likikata kona ya kwanza, utatembea kuja hapa."

"Hapa tulipo."

"Hapa tulipo. Lazima tugonge sasa, kaka yako akiwa mlangoni."

Nje, karibu kabisa na chuma, Ghalib na Yasir walikuwa wamesimama wakizungumza. Sauti zilipenya kama zimevikwa nguo.

"Na yule fundi?" Yasir aliuliza. "Watu wanasema maneno."

"Watu hawakosi la kusema."

"Mimi sitaki maneno kwenye ndoa yangu, Ghalib."

"Sufian si mtu mbaya," Ghalib alisema polepole. "Ningekuwa na wa kumwachia mzigo wangu wote nikalala, ni yeye. Lakini ni baharia. Leo yupo, kesho hayupo. Yule msichana nimemlea mimi. Siku nikifa, nisijue dada yangu nimwache kwenye bandari gani? Hapana."

"Ana haki," Sufian alisema gizani. "Wallahi ana haki. Ningekuwa mimi ningesema hivyo hivyo."

"Usigonge," Swalha alisema.

"Swalha."

"Hujui. Kaka hatanipiga. Afadhali angenipiga. Atanyamaza. Baba alipokufa alinyamaza mwezi mzima. Akinikuta gizani na mwanamume, mbele ya Yasir, atanyamaza mpaka nife. Na mama ataambiwa. Ngoja kidogo tu, ngoja Yasir asogee."

"Aibu ina dawa yake. Hii haina." Alisikika akijizuia asipandishe sauti. "Lakini mlango huu ukifunguka, utakaotazamwa na watu ni uso wako, si wangu. Sitaki kukugongea mimi. Gonga wewe. Nakuomba, gonga."

Alinyanyua mkono. Haki ya Mungu aliunyanyua. Uliganda hewani, chuma kiko mbele yake, umbali usiofika hata urefu wa kiganja, na akamwona Ghalib kwa macho ya moyo, Ghalib aliyekuwa akimsuka yeye nywele, mama alipoumwa, akizisuka vibaya, akimpeleka chuoni kusoma Kurani vivyo hivyo huku ameinua kichwa kwa fahari. Akasita kwa muda wa pumzi moja tu.

Injini ya lori ikanguruma.

Hapo ndipo alipogonga. Aligonga kwa ngumi, akagonga kwa kiganja, akaita, na ngurumo ikameza kila kitu. Sufian naye alikuwa akipiga kwa buti lake. Chuma chote kilitetemeka kwa injini, hakuna ambaye angetambua ngumi ya nani ni ipi. Lori lilitikisika, likaondoka.

"Kaa chini kabisa," Sufian alisema. "Kwenye pembe, hapo mlangoni. Jikunje."

"Na wewe?"

"Kaa chini, Swalha."

Alichuchumaa, furushi kifuani. Alimsikia Sufian akijigeuza, viatu vyake vikitafuta pa kukanyaga, kisha kiganja kimoja kikagonga mlango upande wa kulia wa kichwa chake, na cha pili kikagonga kushoto. Jasho lake lilimdondokea usoni. Alikuwa amesimama juu yake, mgongo ameupa marobota.

Lori likakata kona.

Kwanza ulikuja mkwaruzo, kama godoro linaloburutwa sakafuni. Kisha kishindo. Sufian akatoa sauti ambayo Swalha hajapata kuisikia kwa mtu mzima, na ule uwazi ukapungua. Magoti ya Sufian yalimgusa bega. Kitu kilikuwa kimelia ndani ya mwili wake, Swalha alikisikia kikilia.

"Umeumia. Sufian, umeumia?"

"Vuta pumzi," alisema kwa meno yaliyokazwa. "Nafasi ipo. Mimi naishika."

Swalha alilia basi. Alilia kwa sauti huku akivua kiatu, na kwa kisigino chake akaanza kupiga chuma, akikosa na kupata, akiita kwa nguvu zake zote. "Kaka Ghalib. Kaka. Mimi hapa." Kila lori lilipopunguza mwendo alipiga zaidi. Kila lilipoyumba, marobota yalisogea kidogo, na Sufian akapungua kidogo.

"Nizungumzishe," Sufian alisema. "Nisilale. Sema ile karatasi."

"*Pakka*," Swalha alisema akipiga. "*Troða*. *Þröng*."

"Na ule msemo wao. Wa mwisho."

"*Þröngt mega sáttir sitja*," alisema. Sufian alimfundisha maneno yale siku ya mvua, wakiwa wamesimama chini ya turubai moja, kila mmoja amelowa bega moja. Watu wa barafu huyasema wanapompisha mgeni kwenye benchi lililojaa: waliopatana, hata pakibana, wanakaa.

"Nikitoka humu," Sufian alisema, "nitakwenda kwa kaka yako hata kama..."

Hakumaliza. Mkono wake mmoja ulikuwa unateleza juu ya chuma.

Na lori likasimama.

Lilisimama kwa sababu ilikuwa ni Shahe, na saa ile ya alasiri hata mbuzi hapiti Shahe bila kuomba ruhusa. Mikokoteni ilikuwa imeziba njia, mbele na nyuma, marobota juu yake kama nyumba. Dereva alipiga honi, wakamjibu kwa matusi. Umati ule ule ambao Swalha aliuogopa kuliko nyoka ulilizunguka lori pande zote, ukalibana, ukalizuia lisiende popote. Injini ilishuka sauti. Na Swalha akapiga chuma kwa kisigino, tena na tena, mpaka kutoka nje mtu akapiga pia.

Zilikuja kelele za Kichina. Viganja vingi vilipiga chuma vikiuliza. Dereva alikuwa akikataa kitu, akikataa sana. Swalha alilisikia neno lile moja, *bu xing*, haiwezekani, sili haivunjwi. Kisha kelele zilipasuka na sauti nyingine ikaingia, imekosa pumzi. Teksi iliyowachukua Ghalib na Yasir ilikuwa imekwama nyuma ya lori lile lile.

"Nani humo?" Ghalib aliita. "Nani?"

"Mimi, Kaka. Swalha."

Kimya. Umati wote wa Shahe ulikuwa ukipiga kelele, lakini Swalha alikisikia kimya cha kaka yake kama kinavyosikika nyumbani.

"Uko peke yako?"

Giza bado lilikuwepo. Ungetosha uongo mdogo, angalau mpaka mlango ufunguke. Juu yake Sufian alipumua kama mtu anayenyanyua dunia, akimwachia yeye jibu.

"Niko na Sufian," Swalha alisema kwa sauti ya kusikika na Yasir na kila mwenye masikio. "Mzigo umemwangukia. Anauzuia usinifikie. Kaka, hawezi tena."

Alichosikia baadaye ni nondo ya chuma ikiingizwa kwenye komeo, dereva akipiga mayowe, na Ghalib akisema kwa Kiswahili, kana kwamba Guangzhou nzima inakifahamu, "Nitalipa sili, nitalipa kufuli, nitalipa lori lenyewe, toka mbele yangu." Chuma kikalia, kikakatika.

Mwanga ulimpiga Swalha machoni. Mlango wa kushoto ulipofunguka alianguka nje pamoja na furushi, mikono ya wasukuma mikokoteni ikamdaka. Aligeuka hapo hapo. Sufian alikuwa bado amesimama, mikono yote miwili sasa juu ya mlango wa kulia uliobaki umefungwa, mgongo umekunjwa na marobota matatu, uso umekuwa rangi ya majivu. Hakuweza kutoka. Angeondoa mgongo, yangemzika.

Ghalib alimtazama dada yake, mtandio umeanguka mabegani, mguu mmoja hauna kiatu. Akamtazama Sufian. Swalha hajapata kuogopa hivyo maishani mwake, hata mle gizani.

Ghalib alimpa Yasir koti lake. Kisha akapanda, akajipenyeza ndani ya ule uwazi uliokuwa hauna tena nafasi ya mtu, akaweka bega lake chini ya robota, kando ya bega la Sufian.

"Mara moja," alisema. "Nikisema tatu."

"Bwana Ghalib," Sufian alisema, "nilikuwa nije kwako."

"Lini?"

"Nilikuwa naogopa."

"Na sasa?"

"Bado. Ila sasa hapana pa kukimbilia."

Ghalib alitoa sauti ambayo haikuwa kicheko, na haikuwa mbali na kicheko. "Moja," alisema. "Mbili."

Yasir alikuwa amesimama barabarani, ameshika koti kwa uangalifu lisikunjike. Wasukuma mikokoteni wawili walikuwa wamepanda kusaidia. Yeye alikuwa akitazama saa yake. Swalha aliona jambo hilo, na akaona kwamba Ghalib naye, shingo imetoka mishipa, alikuwa amegeuza macho na ameliona.

Walimshusha Sufian, mkono wa kushoto unaning'inia, bega limetoka mahali pake. Marobota yalimwagika nyuma yao hadi chini. Hakuna aliyeyajali isipokuwa Yasir, aliyesema, "Mzigo wetu, Ghalib. Uko barabarani."

"Ubaki nao," Ghalib alimjibu. "Wewe ndiye mwenzangu wa mzigo."

Alimtangulia Swalha hadi kwenye teksi bila neno jingine. Kile kimya chenyewe, kile alichokiogopa hata akashindwa kugonga, kilikuwa kimeanza, na Swalha alikifuata akichechemea, furushi limekumbatiwa, akijua kwamba kama angegonga pumzi moja mapema bega la Sufian lingekuwa zima. Kiti cha mbele kilikuwa kimejaa maboksi ya sampuli za viatu hadi kwenye kioo. Aliingia nyuma, akajisukuma hadi dirishani, akaliweka furushi magotini. Hakuthubutu kugeuka.

"Kaka," alisema. "Mimi ndiye niliyemzuia asitoke. Yeye alitaka kutoka ulipomwita."

Ghalib alikuwa ameshika mlango wa gari. Swalha aliitazama mikono yake. Mikono iliyokuwa ikimsuka nywele vibaya.

"Nilisema funga," Ghalib alisema. "Niliona furushi la mama, nikasema funga. Kwa kinywa changu."

Aligeuka akamtazama Sufian, aliyekuwa ameegemea ukuta wa duka akishikilia mkono wake, amezungukwa na watu, macho yake yakimtafuta Swalha na kuogopa kumpata.

"Wewe. Njoo, twende hospitali."

"Panabana humo, Bwana Ghalib," Sufian alisema. "Nitachukua teksi nyingine."

Ghalib aliinama, akachungulia ndani ya gari.

"Swalha," alisema, "sogea mwenzio apate pa kukaa."

Swalha alisogea mpaka akawa amegandana na mlango. Ghalib aliingia kwanza, akaketi katikati, maana hakuwa mjinga, kisha akamvuta Sufian ndani kwa mkono ule mzima, na baada ya kujaribu mara mbili mlango ukafungika.